Gari Iliyolala Ndani ya Ukuta

Shangazi yangu Amina alipoolewa kule Tunda, kulikuwa vita ya wali. Si vita ya bunduki, hapana, ile itakuja mbele. Wake wawili wa babu walikuwa wanagombania nani atapika wali wa arusi, na kila mumoja alisema mwenzake anapika uji wa wagonjwa. Mwisho wakapika wote wawili. Sufuria kubwa moja upande huu wa nyumba, ingine upande ule, na sisi watoto tukaambiwa tule pande zote na tufunge kinywa juu ya utamu. Nilikula mpaka nikalala chini. Leo hata nikifumba macho ninasikia harufu ya ule muchele. Upande wa bibi mudogo ulikuwa mutamu zaidi. Wote wawili walishakufa, sasa ninaweza kusema.

Ninaongea mambo ya wali sababu bwana arusi alichelewa. Jua likapanda, likateremka, wali ukaanza kushika chini ya sufuria, wazee wakakunja uso. Kisha muntu akakuja mbio: kamyo ya bwana arusi imezama ndani ya matope kule kwa kijito. Tukaenda wote. Hata bibi arusi alitaka kwenda, wakamukatalia. Tukamukuta bwana arusi amesimama kando, kanzu nyeupe ameishika juu ya magoti, na chini ya kamyo tukaona miguu miwili tu. Ile miguu ilikuwa inaongea.

"Muniletee jiwe. Si hilo. Kubwa! We mutoto, unaangalia nini? Leta jiwe!"

Mutoto ni mimi. Nikaleta jiwe. Kamyo ikatoka, wali ukaliwa, na ile miguu ilikuwa ya Papa Feruzi, fundi wa magari wa Kindu. Nilipokuwa kijana nilimufuata huko muji, nikamwambia mimi njo ule mutoto wa lile jiwe. Akasema halikumbuki jiwe lenyewe, lakini kama ninajua kubeba, niingie.

Ninyi vijana wa garaji mumeniomba niandike vile kazi ilikuwa, sasa nimepumzika. Masomo niliacha mapema, ninaandika vile ninaongea, mwenye kutaka kukosoa akosoe. Nani alinifanya mukubwa wa garaji, na walinilipa namna gani, hayo nitayaruka. Hayajafungua bulonyi hata moja ya gari.

Siku za kwanza Papa Feruzi hakunipa kugusa gari. Alinipa beseni ya esanse, ile petroli, na bulonyi chafu, nioshe. Nikimaliza anazichanganya tena na nyingine chafu. Kisha akanifunga macho na kitambaa, akanipa bulonyi moja moja mukononi, nitaje funguo gani inaingia. Nikikosea hakunipiga. Alicheka tu, na kicheko chake kilisikika mpaka kwa wauza samaki, nao wakacheka bila kujua sababu. Ningechagua fimbo. Lakini siku nilitaja zote bila kukosea, alinipa kipande chake cha mpira, ule wa kupitisha maji kwa motere, akaniambia niweke ncha moja kwa sikio na ingine niitembeze juu ya motere inayowaka. Ee bwana! Nilisikia kila kitu. Nilisikia valvu, nilisikia mafuta yakipita, nilisikia kachuma kadogo kamelegea kanapiga kofi. Wengine wanasikiliza redio. Mimi maisha yangu yote nimesikiliza kwa ule mpira.

Papa Feruzi alikufa kwa ugonjwa, kitandani kwake, kabla ya vita. Kazi ikabaki kwangu.

Vita ilipofika, reli ikakatika, boti za mto hazikupanda tena, na Kindu ikawa nyumba iliyofungwa mulango kwa nje. Wenye bunduki, leo hawa kesho wale, walitaka gari inayotembea. Basi watu wakaanza kunijia, si nitengeneze, lakini niharibu. Ninyi munacheka. Kuharibu gari vizuri ni kazi ngumu kuliko kutengeneza. Unatakiwa uiharibu mpaka mwenye bunduki aone ni maiti, lakini wewe na mwenye gari mujue inalala tu. Mwingine alizika motere ndani ya shamba lake, juu yake akapanda muhogo. Mwingine alitoa milango ya gari akaifanya milango ya kuku. Kuna muntu alikaa vita nzima juu ya kiti cha mbele, ndani ya nyumba yake, anapokea wageni.

Mimi nilikuwa na gari ya muchuuzi mumoja mbele ya nyumba. Nilitoa kile kidole kidogo kinachozunguka ndani ya delko, kinachogawanya moto kwa motere. Bila kile, gari ni bati tu. Nikasikia askari wanakuja. Nikampa muke wangu Mariamu. Yeye hakuuliza, akakitumbukiza ndani ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iliyokuwa jikoni inachemka.

Komanda akaingia. Akafungua kapo, kile kifuniko cha motere, akaangalia vile muntu anaangalia kisima kikavu.

"Fundi, hii gari inakataa nini?"

"Ilikufa, komanda."

"Ilikufa na nini?"

"Na huzuni."

Askari wake wakacheka, yeye hapana. Kisha pua yake ikageuka upande wa jikoni. "Mama, ile ni sombe?"

Mariamu akasema ndiyo, ni sombe. Angesema nini? Wakakaa chini. Mariamu akachota, akachota, kila mara juu juu. Komanda akamaliza sahani yake, akaipeleka mbele.

"Ongeza. Chota chini, chini njo utamu unakaa."

Nilitazama jivu. Muke wangu akainamisha kichwa kama bibi arusi. "Chini imeungua, komanda. Ninaona haya kukupa kitu imeungua. Mutasema mwanamuke wa fundi hajui kupika."

Akampa tena ya juu. Wakashiba, wakaenda, gari ikabaki. Kile kidole nilikiosha na esanse, na mwenye gari alikirudisha wakati wa amani, na gari yake ikawaka. Alisema kwa wiki nzima motere ilikuwa inanukia chakula, lakini ule ni muntu wa kuongeza chumvi.

Nimeeleza haya sababu yanaingia ndani ya kazi yenu hata leo. Vita ilipoisha, watu walifukua, walikusanya, waliunganisha. Nusu ya gari za okazyo, zile zilizokwisha kutumika, za muji huu zimetoka mule. Muuzaji atakwambia gari imetembea kidogo tu, kutoka nyumbani mpaka msikitini ama mpaka misa. Muache aongee. Wewe muulize ililala wapi. Iliyolala chini ya udongo, kutu iko ndani ya shasi, unaweza kutoboa na kidole. Iliyolala chini ya majani ya mungazi, ule muti wa mawese, panya wamekula nyaya zote. Iliyolala kando ya mto, hiyo muache nayo salama, musalimiane tu.

Sasa tufike mwaka huu.

Munamujua Sakina, binti wa ule muzee wa Kibombo aliyekuwa anauza muchele. Kwa wasiomujua: ni mwanamuke mufupi, sauti kubwa, shofere tangu miaka mingi kwa njia ya Kibombo. Gari aliyoendesha ilikuwa ya muntu, na muntu akaiuza. Akakuja garaji asubuhi, akakaa juu ya tairi.

"Papa Asumani, ninatafuta gari."

"Ya kazi ama ya kukimbia?"

"Zote mbili."

"Mwanangu, hiyo ni kutafuta bwana mwenye pesa na mwenye kufua nguo."

"Huyo nimeacha kumutafuta. Nitafutie gari."

Nilijua sababu ya kutaka zote mbili. Pale parkingi ya Kibombo, hapa Kindu, mashofere wana kawaida yao. Kila mwaka, watu wakishavuna muchele, wanakutana kwa kiwanja cha zamani cha pamba, ile ardhi nyekundu nyuma ya maghala yaliyobomoka. Wanapanga mapipa, gari zinazunguka mara tatu. Mwenye kushinda anakamata mbele ya mustari mpaka mavuno ingine: kila asubuhi yeye njo wa kwanza kupakia. Lakini hawakimbii mikono mitupu. Unakimbia na muzigo wa kazi: abiria wane, na mumoja wao ameshika beseni ya mafuta ya mawese kwa magoti. Ukimwaga, umeshindwa, hata kama ulifika jana. Na abiria wako, anayewachagua ni mushindani wako.

Amisi Ekspresi, shofere wa njia ileile, alikuwa mbele ya mustari kwa miaka mpaka watu walisahau nani alikuwa pale kwanza. Si muntu mubaya. Ni muntu wa kujipenda, na gari yake ndogo nyepesi ilikuwa inaruka kweli. Sakina alikuwa mukia wa mustari.

"Gari ya mwisho inaondoka na nani, Papa? Na mbuzi," akasema. "Saa yangu ikifika, watu wameisha. Nikikosa mbele mwaka huu, ninaacha. Ninaenda mbali, kule Kama, kupikia wachimbaji wa zahabu. Mama yangu atabaki na watoto."

"Watoto wanasema nini?"

Akaangalia mikono yake. "Ule mudogo ameuliza kama kule Kama simu inafika."

Basi tukaanza kutafuta.

Ya kwanza ilikuwa ya kijana mumoja karibu na soko. Nyeusi, inang'aa, viti vya ngozi. Sakina akaingia, akashika usukani, macho yakawaka. Mimi nikanusa. Nikavuta mukanda wa kiti wa nyuma, si kidogo, mpaka mwisho, mahali ambapo hakuna muntu anavuta. Mwisho wa mukanda ulikuwa na rangi ya udongo, na mustari umenyooka.

"Hii nini?" nikauliza.

"Vumbi, Papa."

"Vumbi lililopimwa na rula?"

Kijana akacheka, maskini, alikuwa muzuri wa roho. "Papa, ilioga kidogo tu. Kule ilikotoka."

Gari iliyozama inang'aa mwaka mumoja, mwaka wa pili kila waya inaanza kulia kivyake. Mukanda njo hausemi uongo, sababu muuzaji anaosha kila kitu na mukanda anauacha umejikunja. Mushike hilo. Sakina akashuka polepole, akapiga bati pole pole, akaliaga.

Ya pili ilikuwa jipu kubwa, nguvu ya kung'oa miti. Nikawasha, nikasikiliza na mpira wangu. Motere muzuri sana. Lakini ile inakunywa mafuta ya mazuti kama wageni wa arusi, na kwa pembe za mapipa, na urefu ule, ingelala ubavu na abiria wake wote. Gari ya kila siku inakutunza. Jipu ile, wewe njo ungeitunza. Tukaacha.

Ya tatu hakuna aliyeiuza. Niliikumbuka tu, nikiwa ninanawa uso asubuhi. Muzee Lukali, ng'ambo ya mto, kule Alunguli! Wakati wa vita alijenga ukuta ndani ya nyumba yake, akaifungia gari yake nyuma ya ukuta, akapiga lipu, akapaka chokaa, akatundika picha. Mimi nilimusaidia kutoa magurudumu. Amani ikaja, ukuta ukabaki. Kila mara alisema bado, bado, tungojee kidogo tuone. Hata amani alikuwa anaionea mashaka.

Tukavuka na mutumbwi. Muzee Lukali amekuwa mufupi, amekauka, lakini mudomo uleule.

"Asumani! Bado unapumua?"

"Kidogo kidogo, muzee. Gari yako iko?"

"Itaenda wapi? Haina mulango." Akamutazama Sakina. "Na huyu?"

"Njo mwenye kununua."

"Nani amesema ninauza?"

Ndani ya nyumba sauti ya muke wake ikatoka, kali: "Uza! Mujukuu anaoa, ataweka bibi arusi wapi? Juu ya mapaja yako?"

Muzee Lukali akakohoa. Akamuuliza Sakina, "Utaifanya nini?"

"Nitaifanyisha kazi, babu. Kila siku, Kibombo na kurudi. Na siku moja kwa mwaka nitaikimbiza mpaka ipige kelele."

Muzee akafikiri. "Mukamate nyundo," akasema.

Tulipiga ule ukuta, wajukuu wakatazama na vinywa wazi. Walizaliwa na kukua wakiegemea ule ukuta, hawakujua ndani kuna nini. Tofali zikaanguka, vumbi likatoka, tukangojea. Pale ndani, juu ya magogo, bila magurudumu, ilikuwa imekaa gari ndogo ya milango mine, rangi ya kijivu, ya zamani sana. Mujukuu mumoja akasema, "Kumbe tulikuwa tunalala na gari!"

Sikugusa rangi. Niliingia chini na msumari, nikachoma shasi kila mahali. Ngumu. Nyumba ya Muzee Lukali ilikuwa kavu, na muke wake alikuwa na moto wa jiko upande ule wa ukuta miaka yote. Nikatoa bujii, zile za kurusha moto ndani ya motere. Muzee alikuwa amejaza mafuta ndani ya motere mpaka juu, mimi mwenyewe nilimwambia, na nilikuwa nimesahau. Nikashika mukanda wa feni na mikono miwili, nikavuta. Motere ikazunguka, laini, bila neno.

Nililia kidogo. Vumbi lilikuwa nyingi pia.

Lakini sababu ya kuichagua si machozi. Sikilizeni. Kuna gari ya kuvuta na gari ya kusukuma. Ya kuvuta, nguvu ya motere inaingia kwa magurudumu ya mbele. Gari nyingi za leo njo hivyo, na muntu mumoja ndani yake anaruka kama swala. Ya kusukuma, nguvu inaenda nyuma. Hii ya Muzee Lukali ilikuwa ya kusukuma. Ukiendesha tupu, kwa mchanga, inateleza matako kama mulevi. Lakini weka muzigo nyuma! Muzigo unakandamiza magurudumu yenye kazi, yanauma ardhi. Kwa ile ya kuvuta ni kinyume: muzigo nyuma unainua pua, magurudumu ya mbele yanabaki mepesi, yanakwaruza tu, na usukani hausikii. Zaidi ya hayo, springi za hii gari zilikuwa ndefu na laini, za barabara mbovu. Kwa kazi, hazivunji abiria mugongo. Kwa mashindano, muntu wa beseni anakaa salama.

Sakina akasikiliza yote. Akasema, "Kwa hiyo ninaomba Amisi anichagulie wanene."

"Usiombe. Nuna tu."

Kila kitu cha mpira tulibadilisha: mipira ya maji, mipira ya freni, tairi. Mpira unakufa hata ukilala kwa kitanda. Freni nilizitengeneza kwanza, motere baadaye, na ninyi mufanye hivyo daima. Gari isiyowaka inakutia haya. Gari isiyosimama inakuzika. Tukaivusha na baki, kile kivuko cha mto, Sakina akasimama kando yake na mukono juu ya bati, kama muntu anavuka na ng'ombe. Alifanya nayo kazi ya Kibombo kabla ya mashindano, mukia wa mustari na mbuzi zake, mpaka akaijua. Na kila alfajiri kabla ya kazi alizunguka kiwanja cha pamba na beseni ya maji juu ya kiti. Siku za kwanza alirudi amelowa. Siku za mwisho kiti kilikuwa kikavu.

Siku ikafika. Watu walijaa mpaka juu ya maghala. Papa Kitenge, mukubwa wa mashofere, alisimama juu ya pipa, akasoma kawaida kwa sauti, ingawa kila muntu anaijua. Gari zingine zilitolewa moja moja, huyu amemwaga, huyu amegonga pipa. Wakabaki wawili.

Amisi akazunguka gari ya kijivu na mikono nyuma. "Yaya Sakina, dada yangu, hii umeitoa kwa makaburi?"

"Nyuma ya ukuta. Nenda ukaangalie, labda kuna ingine yako."

Watu wakacheka. Amisi akageukia umati kuchagua abiria. Nilijua atafanya nini, na alifanya. Alimuita Mama Bilali wa mandazi, ambaye kwa kiti chake cha soko anakalia viwili. Alimuita muchinjaji Yuma. Kwa mbele akaweka pasta mumoja mwenye tumbo, na nyuma katikati akakandamiza dada ya Mama Bilali, wa damu moja na mwili uleule. Gari ikakaa chini nyuma, puu! Umati ukalia kwa kicheko. Sakina akanuna. Alinuna vizuri sana, hata mimi nilimuhurumia.

"Shikilia beseni, Mama Bilali," akasema.

"Mwanangu, mimi sijawahi kumwaga mafuta. Mafuta njo maisha yangu."

Zamu ya Sakina kuchagulia Amisi. Alichagua wanene pia, watatu wa nyuma kama mbao za ukuta, na beseni akampa Haji Saidi, aliyekuja na kanzu nyeupe ya Ijumaa. Amisi akapunga mukono, vile muntu anafukuza nzi. Hakufikiria. Miaka yote washindani wake walikuwa na gari za kuvuta kama yake, wote walikuwa wanateseka sawa, na mwepesi wa mukono alishinda. Muzigo kwake ulikuwa muzigo. Hakujua kuna gari inayoupenda.

Papa Kitenge akaangusha kitambaa.

Amisi akatangulia kwa njia iliyonyooka, kama upepo. Roho yangu ikaanguka. Kwa pembe ya kwanza akakata usukani, na pua ya gari yake ikaendelea mbele kama haikusikia. Magurudumu ya mbele yakazunguka bure, yakarusha mchanga. Akarudi ndani kwa shida. Nyuma yake gari ya kijivu ikafika kwa pembe, matako yakakaa chini, tairi zikauma, ikageuka kama muntu anageuka kitandani. Umati ukapiga kelele.

Muzunguko wa pili walikuwa bega kwa bega. Nilisikia Mama Bilali na dada yake wanaimba wimbo wa kanisa, na muchinjaji Yuma, muislamu safi, anapiga makofi. Sakina hakuharakisha kitu. Alipiga freni mapema, akaachilia polepole, akakanyaga tena gari ikishanyooka. Vile nilimuona alfajiri na maji yake.

Muzunguko wa tatu, kwa pembe ya mwisho, Amisi aliona anapitwa. Akavuta usukani kwa nguvu zote. Gari ikakataa, ikakataa, kisha ikakubali mara moja. Na Haji Saidi akasimama ndani ya gari, kama muntu anaweza kusimama ndani ya gari, mafuta mekundu kutoka kidevu mpaka magoti.

"Amisi! Kanzu yangu!"

Sakina akapita. Akavuka mustari, akasimama mbele ya Papa Kitenge bila kuteleza hata kidogo. Mama Bilali akashuka na beseni juu ya mikono miwili, imejaa, akaizungusha kwa watu wote waone, kama mutoto amezaliwa.

Papa Kitenge akasema maneno yake: tangu leo, mbele ya mustari wa Kibombo iko ya Sakina. Hakukawia, ule mwanamuke. Hakungojea kesho. Akafungua milango pale pale kwa kiwanja, akaweka mikono kwa mudomo.

"Kibombo! Kibombo! Muntu mumoja, tunaondoka! Pasta, kaa tu, nitakushusha njiani!"

Mutoto wake mudogo alikuwa ameshapanda kwa kiti cha shofere, juu ya mapaja ya bibi yake, mama ya Sakina, amekamata usukani na mikono miwili, na hakuna aliyeweza kumutoa.

Watu walikuwa wamezunguka gari kila upande. Wengine walilala chini kuangalia, wengine walifungua kapo. Amisi alikuwa anapiga kelele juu ya wote, si na hasira, na mushangao: "Fundi iko wapi? Muniitie fundi! Aeleze ameweka nini ndani ya hii kitu!" Vijana wa garaji, ninyi wenyewe, mulikuwa pale munaeleza, kila mumoja na maneno yake, na nikasikia mulikuwa munaeleza vizuri. Ya kuvuta, ya kusukuma, muzigo, springi. Hakuna aliyekosea.

Nilikuwa nyuma ya maghala, ninapangusa mikono na majani. Mulikuwa bado munaniita. Nikashika njia ya nyumbani, pole pole, na garaji sikurudi tena, hata kuchukua funguo zangu.